Mpwa wa Mama wa Mvuke

Siku Mama Eufrasia alipofariki, nusu ya soko la Santa Rufina ililala mdomo wazi. Si kwa mshangao. Pua zilikuwa zimeziba, na mtu pekee aliyejua kuzizibua alikuwa ndani ya jeneza katika banda la wauza viazi, amevalishwa sketi yake ya kijani ya sikukuu.

Lima, jiji la pwani, ikishaingia Juni hainyeshewi wala haipati jua. Inakaa ndani ya ukungu kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, na watu wake wanatembea na paji zito, mashavu yanauma, sauti zinatokea puani kama za bata. Mama Eufrasia alikuwa na kona yake, jiko, chungu na blanketi. Alichemsha majani ya mkaratusi na muña, ule mnanaa wa milimani, akakufunika kichwa, akakuambia unyamaze. Ukitoka humo, pua inapiga mluzi.

Wenceslao Tapia alikuja msibani kwa ajili ya supu. Huyu ni bwana aliyewahi kuwauzia wajane watatu kasuku mmoja, na wote watatu wakamshukuru. Alikaa pembeni, kofia magotini, akawatazama waombolezaji wakipenga kamasi bila mafanikio. Kisha akaiona kona tupu na chungu kilichofunikwa. Hapo machozi yakamtoka yenyewe.

"Shangazi," alilia, akilikumbatia jeneza. "Umeniacha na nani?"

Mama Zósima, muuza supu ya kuku na shoga wa marehemu tangu wakiwa wasichana kijijini Pucarumi, huko milimani, alimtazama juu ya upawa wake.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa kaka yake, mama. Yule aliyeoa huko msituni."

"Marehemu hakuwahi kumtaja."

"Ndio uchungu wenyewe huo."

Mama Zósima akawageukia wenzake, wakatazamana. Kisha akamtilia paja la kuku kwenye bakuli. "Basi karibu nyumbani, mpwa."

Wenceslao alilitafuna paja lile kwa huzuni kubwa, akiwaza kwamba watu wa milimani kweli wameumbwa na mioyo laini.

Kesho yake alikuwa ameshakalia kigoda cha marehemu. Mkaratusi aliukata bure nyuma ya uwanja wa mpira. Muña ilikuwa ghali, kwa hiyo aliweka dawa ya meno. Mteja akishafunikwa blanketi, yeye alinong'ona maombi ya kale kwa Kikechua, lugha ya milimani asiyoijua, akipanga majina ya viazi aliyoyasikia sokoni. Wateja, waliozaliwa ndani ya lugha hiyo, walitikisika mabega chini ya blanketi. Yeye alidhani ni dawa inafanya kazi.

Sajini Anselmo Huarcaya, polisi wa mtaa na mtu wa Pucarumi vilevile, aliuliza kutoka ndani ya mvuke mbona hii inanuka kama mswaki.

"Ndio nguvu yake, sajini. Ugonjwa ukinusa usafi unahama."

Mpango ulikuwa mfupi. Muuza juisi wa jirani alikuwa anaitamani kona ile kiasi cha kukosa usingizi. Kilichobaki ni wanawake wa soko kumtambua Wenceslao kuwa mrithi, mbele ya watu. Baada ya hapo angeiuza kona na kupanda basi la Arequipa.

Nafasi ilikuja siku ya tano tangu kifo, ambapo watu wa Pucarumi hufua nguo za marehemu mtoni. Walishuka wote hadi mto Rímac, wakafua sketi, shali na soksi, wakazianika juu ya mawe. Mama Zósima akafuta mikono.

"Sema mbele ya wote. Wewe ni damu yake?"

"Damu yake," alisema Wenceslao, kifua mbele. "Na chochote kilichokuwa chake ni changu."

Walipiga makofi. Wengine walilia kwa nafuu. Mama Zósima akatoa kwenye furushi mshipi mpana wa zambarau wenye nyuzi za dhahabu, akamvisha begani. Marehemu, alimweleza kwa upole, alikuwa ameapa mwaka jana kuiandaa kwa gharama yake sikukuu ya San Bartolomé, mtakatifu wa kijiji: fahali wawili, bendi ya matarumbeta, bia ya kijiji kizima, mnara wa fataki. Kiapo hicho hakifi na mtu. Kinakwenda kwa damu yake, na damu ikikosekana, kinawaangukia mashoga zake.

"Tulikuwa tunaulizana nani atambeba mtakatifu," alisema. "Halafu ukaja wewe, unalia."

Wenceslao alianza kuuvua mshipi. "Mama, na kama kuna makosa? Kama mimi si mpwa?"

"Kama si mpwa," alisema Sajini Huarcaya, akipenga, "basi kuna mtu amemtapeli marehemu mbele ya macho yangu. Hayo tutayazungumza kituoni."

Wenceslao aliutazama mto. Kuzama, hauna kina. Kukimbia, una mawe.

"Shangazi alipenda fahali wa rangi gani?" aliuliza.

Jioni hiyo Mama Zósima alimkalisha mbele ya chungu, akamwonyesha kiasi cha muña, na wakati wa kuitia, maji yakiwa yameshatulia. Alipoonyesha jinsi shoga yake alivyokuwa akilishika blanketi, mikono yake ilisimama hewani kidogo, akaomba apewe kitambaa.

Sasa Wenceslao anafungua kona kila alfajiri, na foleni inafika hadi kwa wauza samaki. Sajini humpitia jioni kumfundisha kucheza ngoma ya mtakatifu. Sikukuu ni Agosti, na bado fahali mmoja.