Kikomo Kimepanda, Kikomo Kimeshuka

Jumapili, 3 Machi
Tumealikwa kwa dada. Baada ya kula, shemeji, mume wa dada, ambaye ni fundi wa lifti, alitoa kadi mpya ya mkopo akaiweka kando ya sahani. Nyeusi. Aliisogeza kidogo tu, ipate mwanga wa dirishani. Dada akaniuliza yangu ni ya rangi gani. Nikasema rangi si hoja. Ni ya kijani, kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kikomo chake cha kukopa ni laki sita.

Njiani mke wangu akanikumbusha cherehani. Mota imeungua na ana sare za hoteli za kushona. Mpya inauzwa laki nne. Kadi yako inatosha, akasema. Nikamwambia avute subira, cherehani ya maana hununuliwa kwa kadi ya maana.

Jumatatu, 4 Machi
Siku nzima dukani nauza vitasa na kuwaza kadi nyeusi. Benki ya shemeji haitababaishwa na mtu wa laki sita. Lakini wakiona benki yangu imeniamini kwa zaidi, watanifungulia mlango wenyewe. Nikapiga simu benki yangu, nikaomba kikomo kipandishwe. Dada wa simu aliuliza mshahara, akaniweka kwenye muziki, akarudi na laki kumi na mbili.

Akaongeza kwamba kama nina mpango wa kuomba kadi kwingine hivi karibuni, nijue kikomo kikubwa huhesabiwa kama deni hata kisipotumika. Nikasema sina mpango wowote. Mipango haitangazwi.

Jumanne, 5 Machi
Benki ya shemeji. Viti laini. Afisa mikopo, mama mwenye sauti ya upole, alitazama kompyuta yake kwa muda mrefu. Akasema kwa mshahara wangu, tayari ninaweza kukopa zaidi ya ninavyoweza kulipa. Nikamweleza kwamba sijagusa hata senti.

“Hujagusa leo,” akasema. “Kesho tutajuaje?”

Ombi limekataliwa. Nyumbani mke akauliza habari ya cherehani. Nikasema mambo yanaiva. Akasema yeye ametoka jikoni sasa hivi na hakuona kinachoiva.

Alhamisi, 7 Machi
Nimegundua kosa. Si langu, ni la kikomo. Kama kikubwa kinawatisha, kidogo kitawatuliza. Nikampigia dada wa simu, nikamwomba akishushe hadi laki moja. Akauliza kama mimi ndiye yule wa Jumatatu. Akanieleza kwamba kukipandisha tena kutachukua miezi, na kwamba kadi yangu tayari ina deni la elfu tisini.

Ni kweli. Jana nilinunua suti ya kwenda benki. Akasema nitakuwa nimekaribia kabisa kikomo. Nikamjibu kwamba kukaribia si kuvuka. Akakubali kwamba si kuvuka. Akashusha.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi kwa afisa mikopo, suti mwilini. Mikono mirefu kidogo. Akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. Akasema Jumanne nilikuwa na nafasi kubwa mno, na leo nimebakiza elfu kumi. Yeyote atakayeangalia ataona mtu aliyeishiwa. Tena nimeomba mara mbili wiki moja, na mwenye haraka ya kukopa huwatia watu wasiwasi.

Kisha akanieleza, bila kejeli, kwamba ningeomba kadi ya pili kwenye benki yangu mwenyewe, huenda wangekubali kugawa kikomo changu cha awali kwa kadi zote mbili. Hakuna ambaye angetishika. Nikamshukuru. Nilishukuru mara nyingi kupita kiasi, nadhani.

Kaunta ya nje nilimkuta shemeji. Hakuniona. Alikuwa anamlalamikia karani kuhusu ada ya mwaka ya kadi yenye kikomo cha laki tatu. Laki tatu. Nilitembea kwa furaha hadi kona ya barabara. Hapo nikakumbuka yangu sasa ni laki moja.

Jumatatu, 11 Machi
Mke ameniuliza tena. Nikamsimulia yote, isipokuwa bei ya suti. Hakugomba. Alikunja kitambaa alichokuwa anakipima, akakikunja tena kikawa kidogo. Akasema hoteli wamechoka kusubiri. Nusu ya sare wamempa mshonaji mwingine.

Nikaosha vyombo, hata vilivyokuwa safi.

Jumatano, 13 Machi
Cherehani iko sebuleni. Mke alikwenda benki anakoweka mapato yake ya ushonaji, akaomba kadi, akapewa kikomo cha laki tano. Nilimuuliza alitumia mbinu gani.

“Waliniuliza nataka ya nini, nikawaambia cherehani,” akasema.

Nikangoja sehemu iliyobaki. Haikuwepo.

Akaniambia ameniombea na mimi kadi ya nyongeza, yenye jina langu, chini ya akaunti yake. Mwisho elfu ishirini, kwa dharura tu. Dharura ni nini, nikauliza. Akasema nitampigia yeye kwanza, ndipo atanijulisha kama ni dharura.

Jumamosi, 16 Machi
Kadi imefika. Mke anashona tangu asubuhi, nusu ya sare iliyobaki, na hoteli wamesema kazi ikiwa nzuri watarudi. Nyumba imetulia. Nafasi nzuri ya kufikiri.

Hesabu ni hii. Sasa nina kadi mbili kutoka benki mbili tofauti. Mtu aliyeaminiwa na benki mbili, ya tatu itamkataaje? Jambo la kwanza ni kuomba hii ya nyongeza ipandishwe, kimyakimya, wanione nina uzito. Nimeipata namba ya benki mpya iliyofunguliwa mkabala na duka. Nimepiga. Wamenipangia Jumatatu asubuhi.

Mke akasimamisha cherehani, akauliza nilikuwa naongea na nani. Nikamwambia wamekosea namba.