Profesa Joram na Mashine ya Miale

Siku Joram Obiero alipopata uprofesa, alikuwa ameketi kwenye benchi la Mama Milka pale Kondele, Kisumu, akila mgongo wazi. Huo ni samaki mbuta aliyebaki mifupa baada ya viwanda kuchukua minofu kupeleka Ulaya. Sisi tuliachiwa kichwa, mkia na harufu, tukakaanga, tukashukuru. Samaki wa Joram alifungwa kwa ukurasa wa jarida kuukuu. Alipopangusa mafuta, akasoma kwamba huko ng'ambo madaktari, wanafizikia na mainjinia wameketi meza moja kutafuta njia mpya za kutibu saratani kwa miale. Miale inaelekezwa kutoka pande kadhaa, inakutana kwenye uvimbe, na nyama isiyo na ugonjwa inasalimika.

Mtu mwingine angesema Mungu ni mkubwa. Joram alisema, "Mama Milka, hapa kuna pesa."

Ndivyo alivyokuwa. Aliwahi kuwauzia watu wa mtaa wa Manyatta kazi za melini, meli yenyewe haijajengwa. Walipokuja juu akawauzia na makoti ya kujiokolea.

Haikuchukua muda akaibuka na mashine. Ilikuwa ile kofia ya kukaushia nywele, kutoka saluni iliyofungwa, imepakwa rangi nyeupe na kutiwa taa ya mbele ya lori. Na kwa kuwa jarida lilisisitiza fani nyingi, Joram naye akakusanya fani. Nakhungu, fundi wa kunyoosha mabodi ya magari, akawa injinia. Tom wa buchari akawa daktari mpasuaji, kwa kuwa koti jeupe alikuwa nalo, ingawa lilihitaji sabuni nyingi.

Mawindo yalikuwa Bwana Walubengo, mwenye kinu cha unga, aliyetaka udiwani kuliko alivyotaka pumzi.

"Hii mashine itaitwa jina lako," Joram alimwambia. "Mgonjwa akiulizwa ametibiwa na nini, atasema Walubengo."

"Na kwa gazeti nitatoka?"

"Ukurasa wa mbele, Mheshimiwa."

Kwa neno hilo moja Walubengo alikubali kuwa mgeni rasmi wa harambee ya kuichangia mashine, na akaahidi kuwaleta wafanyabiashara wenzake, kila mmoja akitaka kitufe cha mashine kiitwe jina lake.

Kilichokosekana ni mgonjwa aliyepona. Joram akarudi kwenye benchi.

"Mama Milka, unakuja Jumamosi, unasema ulikuwa na saratani, nikakuwashia taa, ikaisha. Kazi ya dakika tu."

Selpha, ndiye Mama Milka, aligeuza samaki kwenye mafuta. "Uvimbe niseme ulikuwa wapi?"

"Popote. Sema ziwa."

Hapo Selpha akasahau samaki kwenye mafuta, na Joram akadhani anapiga hesabu ya malipo. Ukweli ni kwamba uvimbe ulikuwepo, na ulikuwa kwenye ziwa lake. Daktari alishamwambia mashine ya miale iko hospitali kubwa ya Nairobi, aende upesi kabla haujasambaa. Aende na nini? Selpha aliogopa. Aliogopa mchana akikaanga, aliogopa akisuka nywele za Milka, na hakuwa amemwambia mtu.

"Sawa, Profesa," akasema. "Nitakuja. Lakini maneno nijipangie mwenyewe."

"Jipangie tu, nyar Sakwa, binti wa Sakwa! Wewe ndiye msanii."

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Tom alisimama na koti lake, Nakhungu alishika spana kwa heshima zote. Joram alihutubia juu ya fizikia hadi mwenyewe akaanza kuiamini. Jogoo alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, na wafanyabiashara wakashindana kwa vifua mbele. Kikapu kilifurika. Joram alikitazama kama mtu anayetazama gari lake likishushwa melini.

Sasa, hapa kwetu harambee ya ugonjwa ina desturi yake. Aliyeiitisha hagusi pesa. Akina mama wa kanisa wanaifunga kwenye leso, mchungaji anaiombea, na mgonjwa anakabidhiwa watu wote wakiona. Joram alijua desturi za harambee kuliko mchungaji, ila alikuwa amezoea harambee za shule na madaraja, na daraja haliji kwenye harambee yake.

Selpha akapanda jukwaani.

"Wapendwa, mimi ni mgonjwa. Saratani ninayo, hapa." Akajigusa kifua. "Profesa ameniwashia taa yake. Lakini ni mtu mkweli. Ameniambia hii ni ya mfano tu, ya kweli iko Nairobi. Amesema utafiti wake utakamilika akinipeleka huko yeye mwenyewe, akae na wale madaktari mpaka nimalize matibabu. Profesa, nimekosea?"

Watu wote wakamgeukia Joram. Tom akaanza kuvua koti polepole.

Joram alitafuta uongo, yeye ambaye hakuwahi kukosa uongo, akakosa.

"Hajakosea," akasema.

Vigelegele! Leso ilifungwa, ikaombewa, ikaingia kiunoni mwa Selpha. Walubengo akanyakua kipaza sauti. "Na Peugeot yangu ndiyo itawapeleka! Nitaendesha mimi! Nitawafikisha mpaka mlangoni!"

Aliwafikisha mpaka mlangoni kweli, akapigwa picha na mlango.

Hospitalini Joram alimwona daktari, akamwona mwanafizikia akipima pembe za miale, akamwona injinia akishughulikia mashine kubwa. Wote walikuwa meza moja, kama jarida lilivyosema. Daktari akamuuliza, "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Profesa wake," Selpha akadakia. "Atakuwa ananileta kila siku."

Walipomwita ndani mara ya kwanza, Selpha alikuwa anatetemeka. Alimpa Joram kapu lake. "Nishikie, omera, ndugu yangu. Usiliweke chini."

Mlango mzito ukafungwa. Joram akalipima kapu kwa mkono. Lilikuwa zito. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatembea kama mtu anayetafuta choo. Alipofika geti la barabarani alikuwa anakimbia.

Nyuma ya kibanda cha magazeti akalifungua. Leso ilikuwepo, imefungwa fundo juu ya fundo. Akafungua kwa meno. Ndani yake kulikuwa na mgongo wazi, umekaangwa vizuri, na chumvi pembeni. Pesa ilikuwa imeshalipwa dirisha la malipo hospitalini asubuhi, yeye akiwa anajitambulisha kwa manesi.

Joram alikaa kwenye ukingo wa barabara. Nauli hakuwa nayo. Kisumu, Walubengo alikuwa anangoja ripoti ya utafiti. Akala samaki, maana angefanya nini, na alipofika katikati akakumbuka jinsi yule mama alivyokuwa akitetemeka. Akaacha kutafuna. Akafunga kilichobaki, akarudi.

Selpha alitoka ameshika ukuta. Akamwona Joram amekaa kwenye benchi, kapu magotini.

"Umerudi," akasema.

"Nilienda kununua gazeti."

Selpha akafungua leso, akachungulia, akaketi karibu naye.

"Umeniachia mkia," akasema. "Asante, Profesa. Kesho tunaanza mapema."