Wakili wa Bure kwa Mtu wa Kawaida

Kwa furaha kubwa, Mkurugenzi wa Idara ya Msaada wa Sheria kwa Watu wa Kawaida alitangaza kuwa kuanzia Jumatatu hakuna kinyozi wala muuza duka atakayekosa wakili. Wakili ni bure. Kinachotakiwa ni fomu tu, iliyothibitishwa na wakili.

Miezi mitatu ikapita bila mwombaji hata mmoja. Mkurugenzi akaripoti wizarani kwamba matatizo ya kisheria yamekwisha.

Ndipo akaingia fundi cherehani, kitabu cha kanuni za idara kikiwa kwapani.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mwenye nyumba amelipiga duka langu kufuli bila notisi. Vyerehani viko ndani, na sare za watoto sitini. Shule zinafunguliwa kesho kutwa."

"Pole sana, mama. Ila fomu yako haina muhuri wa wakili."

"Ningekuwa na wakili ningekuja kwako kufanya nini?"

Swali hilo lilikuwa nje ya utaratibu, naye akalisamehe. Alikuwa mtu wa huruma, hasa baada ya chai.

Fundi akafungua ukurasa wa sabini na tisa. "Hapa mmeandika, mwombaji akikosa wakili, Mkurugenzi mwenyewe atamsimamia mahakamani. Sahihi ni yako."

Ilikuwa yake kweli, tena imepinda vizuri. Hakuwa na mazoea ya kusoma anachotia sahihi. Kusoma ilikuwa kazi ya walio chini yake, nao walidhani ni kazi yake.

"Haya. Tunamshtaki nani?"

"Wewe, mheshimiwa. Duka nimepanga kwako. Aliyefunga ni wakala wako."

Maduka yake yalikuwa mengi, hakuweza kuyajua yote kwa sura. Alikohoa kidogo, kikohozi hakikumsaidia.

Kesho yake hakimu aliuliza mlalamikiwa yuko wapi. Mkurugenzi akanyoosha mkono. Hakimu akauliza wakili wa fundi yuko wapi. Mkono ukabaki juu.

Sasa, bwana huyu ukimpa jukwaa hajizuii. Alimshambulia mwenye nyumba bila huruma, akamwita mnyanyasaji asiye na haya. Alipopewa nafasi ya kujitetea, akafikiri, akasema hana la kuongeza.

Kwa amri ya hakimu, kufuli likafunguliwa saa nane mchana. Fundi alikaa kwenye cherehani, machozi yakimlengalenga, akaanza kushona papo hapo. Mkurugenzi, aliyemsindikiza hadi dukani, alijisikia vizuri ajabu. Ilikuwa kesi yake ya kwanza, na alikuwa ameshinda.

Alipogeuka aondoke, mlangoni walikuwa wamesimama wapangaji wake wengine kumi na saba, kila mmoja na kitabu cha kanuni, wakimwulizia wakili wao.