Nilivyomkimbia Mama Mkwe Bustanini

Nimeaibika leo, ndugu zangu wa Kolwezi, tena saa tisa mchana, mbele ya nusu ya Likasi. Nawaandikia mapema kabla watu wa treni hawajawafikishia habari hii wakiwa wameitia chumvi. (Chumvi haihitajiki, mtaona wenyewe.)

Mnajua Ngoie alikuwa amekaribia kujifungua. Mnajua pia mimba mbili za kwanza tulizipoteza, na kwamba tangu hapo silali vizuri. Mwezi huu mama yake alitoka Kamina kuja kumsaidia. Basi mama mkwe wangu ni mtu wa desturi kwelikweli. Miaka minne ya ndoa, hatujawahi kupeana mkono wala kutazamana usoni. Akiingia jikoni, natoka. Akikaa mlangoni, naingia ndani kwa dirisha. (Nyumba yetu ya Kikula ina dirisha moja tu, na limeshalegea.) Tukitaka kuambiana neno, Ngoie ndiye hulipeleka na kulirudisha.

Leo alfajiri uchungu ukaanza. Tukampeleka maternité, hospitali ya wazazi, mama mkwe akaingia naye ndani, mimi nikabaki uani. Kila mama mkwe alipotoka kuchota maji, nilijificha nyuma ya gari la wagonjwa. Saa sita muuguzi akachoka kunitazama.

"Papa, kwenda utembee kidogo. Unatuchanganya kichwa."

"Nitakuwa kule bustani," nikamwambia. "Kama kuko habari, mutume muntu."

Bustani mnaikumbuka: michikichi mirefu ya enzi za Wazungu, maua ya waridi, kibanda cha duara cha bendi, kidimbwi cha samaki wekundu. Siku hizi upande wa pili kuna piscine, bwawa la kuogelea lenye ubao wa kurukia, tenisi, na minigolfu ambayo hakuna anayeijua sheria zake. Katikati ni ua wa majani tu. Kasongo, mwenzangu wa kazi kule atelier, alikuwa majini tayari.

"Kuya uoge, sitwayen. Kichwa ipoe."

Akaniazima chupi yake ya pili ya kuogelea. (Kasongo ni mwembamba. Mimi, mnanijua.) Nguo zangu zikafungiwa kabatini, na mwenye ufunguo akaenda kula. Nikakaa kwenye maji yaliyofika kifuani, nikimwomba Mungu kimyakimya, huku vijana wakirukaruka pembeni yangu.

Ndipo nikamwona mama mkwe. Alikuwa anakuja kwa haraka kando ya piscine, peke yake, akitazama kila uso.

Nisikilizeni vizuri hapa, msije mkasema mimi ni mjinga. Desturi inasema mama mkwe asinione hata bila shati. Hilo moja. La pili ndilo lililonikimbiza: mama huyu hajawahi kunifuata mahali popote. Kama amekuja mwenyewe, bila kutuma mtu, basi ni msiba. Niliogopa, ndugu zangu. Nilijiambia kwamba nisipoisikia habari hiyo, bado haijatokea.

Nikatoka majini, nikapenya kwenye ua wa majani, nikakimbia.

"Simama, mukwe! Simama!"

Mama wa miaka sitini, na mbio alikuwa nazo. Tukazunguka kibanda cha bendi mara mbili. Wachezaji wa minigolfu wakaacha mipira yao. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu amekula nini ya mama wa watu?" Ilikuwa Jumamosi, na kwenye waridi kulikuwa na maharusi wakipigwa picha. Nikapita katikati yao.

"Sitwayen, toka mu foto," mpiga picha akalalamika. Alikuwa ameshabonyeza. (Kuna watu watanitazama ukutani kwao maisha yao yote.)

Mbele yangu kulikuwa na kidimbwi. Nikaingia. Matope yakanifika magotini, maji yakanifika kiunoni, samaki wakaanza kunichunguza. Hapo sikuwa na pa kwenda tena.

Mama mkwe akafika ukingoni akihema. Akanigeuzia mgongo. Akafungua kitenge chake cha juu, akakirusha nyuma bila kutazama, kikaniangukia kichwani. Kisha akamgeukia bi harusi.

"Mwanangu, umwambie huyu muntu iko mu maji: mutoto amezaliwa. Ni mwanamuke. Analia sana, iko na nguvu. Na mama yake iko muzima, anamuita."

Bi harusi akainua gauni lake jeupe, akasogea hadi ukingoni, akanipa ujumbe wote kwa heshima, neno kwa neno, ingawa mimi na mama mkwe tulikuwa hatua tatu tu. Nililia pale pale, na kitenge kichwani.

"Umwambie mama," nikasema mwishowe, "miye nilizani ni kifo ananiletea."

Bi harusi akapeleka. Mama mkwe akajibu kwa sauti ya chini.

"Umwambie hakukuwa muntu ya kutuma. Na habari hii, nilitaka kuileta mi mwenyewe."

Kutoka pale tulikwenda maternité mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi nimevaa kitenge chenye maua makubwa, Kasongo akifuata na viatu vyangu. Kuku wawili wa kuondoa aibu nimeshaambiwa niwatafute, na nitawatoa kwa furaha.

Mtoto amepewa jina la nyanya yake, Numbi, kwa hiyo kwa desturi yetu huyu naye ni mama mkwe wangu. Nilipompakata jioni alinitazama usoni bila haya yoyote, akanikojolea, na sikukimbia. Mkitaka kucheka, chekeni polepole: mama mkwe wangu mdogo amelala.