Pembe ya Jicho la Mshika Kibendera

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto wa jicho! Mimi! Daktari wa macho ameniambia leo asubuhi, tena kwa upole, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwamba zipu iko wazi. Jicho la kulia limeingia ukungu vibaya, la kushoto bado lina nafuu. Lenzi niliyozaliwa nayo inatolewa, inawekwa ya bandia. Si kazi ya kutwa nzima, anasema.

Sasa mahesabu yangu. Fainali ya ligi ni Jumamosi ya tarehe 29. Nimeshika kibendera pembeni mwa uwanja miaka ishirini na miwili, mvua yangu, jua langu, na sijawahi kupangiwa fainali hata moja. Mwaka huu nimepangiwa. Mwakani natimiza hamsini na mitano, na kamati ya waamuzi haimbakizi mtu wa umri huo. Ni mwaka huu au basi tena. Na wa akiba wangu ni nani? Mwewe! Jina kajipa mwenyewe, ati kwa ukali wa macho. Akinusa tu kwamba nimepasuliwa jicho, atakwenda mbio kuwaambia kamati, na kibendera kitakuwa chake.

Balaa la pili: nesi anayejaza fomu ni mke wa Katibu wa kamati. Picha yake nimeiona mara mia kwenye simu ya mumewe. Yeye hanijui, hajawahi kukanyaga uwanjani, na huko uwanjani wote wananiita Mstari. Akaniuliza kazi yangu. Ningesema kweli, Katibu angeipata habari kabla ya chakula cha jioni. Nikatazama ukutani. Kulikuwa na saa. Nikasema mimi ni fundi saa.

Akili kama umeme!

Daktari akaisoma fomu, akanieleza habari za lenzi. Zote zinasafisha katikati, anasema, ila pembeni zinatofautiana. Ya kawaida inakupa katikati safi kabisa, lakini vitu vya pembeni vinalegea kidogo. Iko nyingine imepindwa kwa namna yake, inavitunza zaidi vitu vya pembeni. Si muujiza, lakini inawafaa watu ambao kazi yao huwajia kutoka pembeni. Kwa fundi saa, akaona ya kawaida inatosha. Nikamwambia inatosha sana, tangu nianze kazi sijaona saa inayomjia mtu kutoka pembeni. Akacheka. Nikatoka nimejaa fahari.

Jumatano, 5 Machi

Nimepasuliwa. Sikusikia maumivu. Niliona mwanga mkubwa na vivuli vinaogelea, nikamsikia daktari akiomba kitu kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Masharti: matone mara nne kwa siku, nisisugue jicho, nisikimbie wala kuinua mizigo kwa wiki mbili. Mke wangu amebandika masharti yote kwenye mlango wa kabati.

Nimemwonya asimwambie mtu. Akajibu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia haya si maradhi, ni matengenezo.

Alhamisi, 6 Machi

Bandeji imetolewa. Lo! Kumbe ukuta wa sebuleni ni mweupe, mimi miaka miwili najua ni wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Nasoma namba za magari barabarani. Naona mvi za mke wangu moja moja. Nikazitaja. Nimekosa chai ya saa nne.

Ila kuna kitu. Upande wa kulia kabisa, ukingoni mwa jicho, kuna kivuli cheusi chembamba kimejikunja kama kipande cha kucha. Mara mbili leo nimedhani mtu amesimama mlangoni. Mara ya pili nikamkaribisha na kumwambia avute kiti.

Wakubwa wa stoo ya mabati ninakofanya kazi walitaka kujua kwa nini jicho ni jekundu. Nikasema nimeumwa na nyuki, hapo hapo stoo. Mkuu akatoa watu wote nje, akaita wafukiza moshi. Stoo imefungwa mpaka mzinga upatikane. Bado wanautafuta.

Jumamosi, 8 Machi

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imeishia dirisha la matone. Nesi, yaani mke wa Katibu, kanipa chupa yangu na pamoja nayo saa ya mkononi ya mishale. Imesimama. Ni ya mumewe, anataka kumshangaza nayo ikiwa nzima, na amefurahi Mungu kumletea fundi mpaka mlangoni. Ningesema nini? Niliipokea kwa mikono miwili na kuitikisa sikioni kama wanavyofanya mafundi.

Nimeifungua nyumbani, juu ya meza, kwa miwani ya kusomea. Ajabu! Naona skrubu ndogo kuliko chawa. Naona meno ya vigurudumu. Naliona vumbi lenyewe lililosimamisha saa, nikalipuliza. Ikaanza kwenda! Nikafunga kila kitu kwa ustadi. Kilibaki kigurudumu kimoja mezani, kidogo sana, nadhani cha akiba.

Jumanne, 18 Machi

Niandike upesi.

Siri ya kazi yetu ni hii, na walio jukwaani hawaijui. Mshika kibendera haangalii mpira. Anakaa sawa na beki wa mwisho na kumkazia macho. Anayepiga pasi unamwona kwa pembe ya jicho tu. Pasi ikipigwa, papo hapo unajua kama mshambuliaji amemzidi beki au la. Amemzidi, ameotea, unainua. Ukigeuza shingo kumtazama mpigaji, umekwisha, kwa sababu ukirudisha macho mshambuliaji ameshakimbia hatua tatu na kila mtu anaonekana ameotea.

Leo wiki mbili karibu zinatimia, nimefanya mazoezi uani. Kiti kikawa beki, ndoo ikawa mshambuliaji, mke wangu akasimama mbali mkono wa kulia na mpira. Nikakikazia macho kiti. Kiti nakiona mpaka misumari! Mke wangu? Ukungu wenye kanga. Amepiga mpira sijui saa ngapi. Nimejua umepigwa uliponigonga mbavuni.

Nikaenda kliniki mbio (kutembea kwa haraka, masharti bado). Daktari kapima, kasema jicho limepona vizuri. Kivuli huwapata baadhi ya watu na mara nyingi hupungua chenyewe. Huo ulegevu wa pembeni ni ile tofauti aliyonieleza siku ya kwanza. Akauliza unanisumbua vipi kwenye saa. Nikasema zile saa kubwa za ukutani. Nilitaka kumwambia ukweli, wallahi nilitaka. Lakini nesi alikuwa nyuma yangu anapanga faili.

Nimerudi na huzuni ya kweli. Miaka ishirini na miwili, halafu nijikate pembe ya jicho kwa ulimi wangu mwenyewe! Lakini huzuni haishiki kibendera. Jumamosi kuna mechi ya kirafiki ya kujipima, kamati nzima itakuwepo. Lazima nipate mpango.

Ijumaa, 21 Machi

Mpango nimeupata. Kama jicho halioni pasi, sikio lisikie. Mke wangu atasimama nyuma yangu, nje ya kamba, na mfuniko wa sufuria na mwiko. Pasi ikipigwa, anagonga. Mimi macho kwa beki, sikio kwa mfuniko. Watu watadhani ni shabiki tu.

Alikataa. Nikambembeleza. Akakataa. Nikaahidi kupaka rangi jikoni. Akakubali upesi mno, sikujiuliza kwa nini.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui nianzie wapi.

Dakika kumi za kwanza, asali! Ngo! Namtazama beki, sawa, kimya. Ngo! Ameotea, juu kibendera! Mwewe, upande wa pili wa uwanja, ameduwaa. Nikajiona nimezaliwa upya.

Halafu timu ya njano ikafunga bao. Sikuinua, kwa sababu mfuniko ulipolia mshambuliaji alikuwa nyuma ya beki. Kelele uwanja mzima. Njano wakafunga la pili, lile lile. La tatu. Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande, na bluu kila wakija upande wangu, ngo! na mtu wao yuko mita mbili mbele ya beki. Nimewainulia bluu mara kumi na moja. Kipa wao alikuja kuniuliza kama nimekula.

Ndipo nikamtazama vizuri mfungaji wa njano. Kwa katikati ya jicho namwona mpaka kovu la kidevuni. Mtoto wa dada wa mke wangu! Kumbe mke wangu alikuwa akigonga kabla ya pasi kila njano wanapokuja, na kuchelewa kila zamu ya bluu. Mechi ilipokwisha nikamkabili. Hakuona haya hata kidogo. Akasema yule amezaliwa na dadake, kwa hiyo ni mwanawe, na mama hagongi mfuniko dhidi ya mwanawe.

Tukiwa kwenye mabishano hayo, wakatokea Katibu na mkewe. Nesi! Leo kwa mara ya kwanza katika maisha yake kaja uwanjani! Akanichangamkia kwa sauti ya kusikika jukwaa zima: Fundi! Kumbe una kazi mbili!

Mwewe alikuwa hatua tano kutoka hapo, anakunywa maji. Akaacha kunywa.

Jumapili, 23 Machi

Nimeitwa kwa Katibu. Nilikuwa tayari kusema nyuki, jamaa, uchawi, chochote.

Kwanza akanionyesha saa yake, ile niliyomrudishia mkewe. Tangu nimtengenezee, inakwenda mbele dakika kumi kila saa. Ijumaa aliamka saa tisa usiku akaoga akavaa suti.

Kisha akauliza kwa nini nilificha jicho. Nikamwambia kweli, kwamba niliogopa kunyang'anywa fainali. Akavua miwani. Akasema ana lenzi za bandia macho yote mawili, mwaka wa tatu sasa. Mweka hazina wa kamati analo moja. Mwenyekiti anafanyiwa mwezi ujao. Hakuna kanuni yoyote inayokataza! Kanuni inataka mtu aone, basi. Ningemwambia daktari kazi yangu, angenichagulia lenzi ya kazi yangu.

Nilitamani sakafu inimeze.

Habari za mfuniko akasema hataki kuzisikia, ila Jumamosi ijayo mke wangu atakaa jukwaani, mikono mitupu. Na kwa kuwa nimetumikia miaka mingi, fainali haninyang'anyi bado. Nilete barua ya daktari kabla ya Ijumaa kwamba pembeni naona vya kutosha. Barua ikikosekana, Mwewe. Nimelia kidogo njiani. Kwa jicho la kushoto tu, la kulia bado nalitunza.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia daktari kila kitu. Hakukasirika, alizungusha kalamu tu. Akasema kuna mashine ya kupima pembeni, twende.

Mashine ni kama bakuli kubwa jeupe. Unaegemeza kidevu, unafunikwa jicho moja, unakodolea nukta ya katikati. Vitaa vidogo vinawaka huku na huku pembeni. Ukiona kimoja, unabonyeza kitufe. Usipoona, hubonyezi. Kazi ya mtoto.

Nilianza vizuri. Kitaa, bonyeza. Kitaa, bonyeza. Halafu pakawa kimya. Sekunde moja, mbili, tatu. Nikaingiwa na hofu. Labda kimewaka sijakiona! Labda hapo ndipo fainali inapopotea! Nikabonyeza. Nikabonyeza tena kwa usalama. Mwewe angebonyeza kwa kasi zaidi, nikaongeza kasi.

Daktari akaleta karatasi. Kwa mujibu wa mashine, nimeona vitaa thelathini na kimoja ambavyo havikuwashwa. Akaeleza kwamba mashine hukaa kimya makusudi, kuwanasa wanaobahatisha, na majibu ya namna hiyo hayafai kuandikiwa barua. Lakini yeye mwenyewe kanipima kwa kidole chake, na ameridhika. Kivuli kimepungua. Pembeni si kali kama ujanani, ila inatosha, mradi nisimame nimegeukia kulia kidogo. Nirudi Alhamisi, nibonyeze ninachokiona na kuacha nisichokiona, na barua ataiandika hapo hapo. Alisema hivyo mara mbili, polepole.

Jumatano, 26 Machi

Nimetulia sasa. Kosa langu la Jumatatu lilikuwa kubonyeza bila mpango.

Mchana mzima nimekaa kwenye foleni ya kliniki, ingawa siku yangu ni kesho, na kumhoji kila aliyetoka kwenye ile mashine. Mzee mmoja amesema vitaa huja haraka haraka. Mama mmoja amesema polepole. Fundi bomba hakumbuki. Nimejumlisha nikagawanya, nikapata kitaa kimoja kila baada ya sekunde mbili na nusu. Daktari hajui kwamba nimeshaujua mpangilio!

Nimefanya mazoezi mezani tangu saa kumi jioni, na kifuniko cha kalamu ndicho kitufe. Mke wangu alisimama akanitazama, akauliza kwa nini nisibonyeze tu ninapoona kitaa, maana daktari kasema naona. Nilimhurumia. Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo Mwewe anavyotaka nifanye.

Akaenda kulala. Kidole gumba kimevimba kidogo lakini kimeshika mwendo barabara. Kesho nafumba macho kabisa, yasinichanganye, na nabonyeza kwa hesabu.