Bango la Mishipa ya Waruguru

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa CD. Ina picha za mishipa ya damu ya ubongo wa mke wangu, Waruguru. Leo hapa Thika wamempitishia mrija mwembamba kwenye paja hadi shingoni, wakaingiza dawa inayofanya mishipa ionekane, wakapiga picha. Mshipa mmoja umevimba. Uvimbe wenyewe hauzidi punje ya minji, lakini ukipasuka tutampoteza. Ijumaa Daktari Nelima atampasua huko Ruiru, na ametuambia mapema kwamba bila picha hizo hajui aingilie wapi.

CD nimepewa mimi. Si shemeji Githae, kaka yake. Githae alikuwa pale pale, akaona. Naogopa sana, lakini CD ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Kamati ya maombi imekutana kwetu Mwihoko. Githae amejifanya mwenyekiti, ati kwa sababu spika ni zake. Nikasema mwenye mishipa ndiye mwenye maombi. Akauliza hiyo mishipa imekuwa yangu tangu lini. Watu wakacheka. Hata Waruguru alicheka, kisha akashika kichwa.

Nimepata dawa ya Githae.

Jumatano, 5 Machi
Baada ya kazi nimempelekea CD Kimeu, fundi wa mabango hapo Eneo la Viwanda. Nataka mishipa kwenye bango refu, na chini yake: NDEGWA, MSEMAJI WA FAMILIA. Kimeu akasema mabango ya watu huwa na uso. Nikamjulisha kwamba huu ni uso kwa ndani.

Alhamisi, 6 Machi
Bango limetundikwa kwetu kwenye maombi. Watu wakakodoa macho! Nikashika mpini wa ufagio, nikaanza kufundisha. Mama Magdalene wa kamati akauliza kwa nini tunaombea mizizi. Nikavumilia. Ndipo Githae akasema kichwa kiko chini, shingo iko juu. Ikabidi ligeuzwe. Mishipa ikakaa sawa, lakini jina langu likapinduka. Nusu ya maombi watu walikuwa wamepinda shingo wakijaribu kunisoma.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya. Daktari Nelima ameomba CD. Nikafungua bahasha, nikakuta risiti ya Kimeu. CD imebaki kwenye mashine yake!

Nikamkunjulia daktari bango. Lilijaza koridoo. Alilitazama kwa heshima, kisha akaeleza kwamba anahitaji kuona dawa ikipita mshipani na kugeuza picha kila upande. Bango halimwonyeshi nyuma ya uvimbe.

Simu ya Kimeu imezimwa, ameenda mazishini Matuu. Githae amewasha pikipiki bila kunisemesha, amemfuata huko huko. Upasuaji umesogezwa hadi kesho. Waruguru amenishika mkono, akasema hajanikasirikia, ila anaogopa kulala na hicho kitu kichwani siku nyingine. Afadhali angenitukana. Nimetoka nje nikalia.

Jumamosi, 8 Machi
Githae ameleta CD asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimshukuru. Ilikuwa ngumu, lakini nilimshukuru.

Wamemaliza! Uvimbe umebanwa kwa klipu. Waruguru alipozinduka, daktari akamuuliza jina. Akajibu. Akamuuliza yuko wapi. Akajibu Ruiru. Kisha yeye naye akauliza kwa sauti ndogo, "CD iko kwa nani?" Githae akasema iko kwake. Waruguru akafumba macho: "Asante Yesu." Daktari akaandika kwamba ubongo uko sawa kabisa.

Jumapili, 9 Machi
Amekunywa uji. Mungu ni mwema.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi, na nimeliona. Bango lilikuwa la upande mmoja. Daktari mwenyewe alilalamika kwamba haoni nyuma.

Baadaye atapigwa picha nyingine, kuhakikisha klipu imeshika. Nimeshampigia Kimeu. Safari hii bango liwe na pande mbili, na jina langu liandikwe juu na chini, ili wakiligeuza bado nisomeke.