Mjukuu wa Chifu Wangwe

Jumatatu, 1 Agosti 1966. Homa Bay.
Nimeamua. Naoa msomi! Karani mzima wa ghala la pamba, kalamu mbili mfukoni, hawezi kuoa muuza samaki. Awino ni mwema, sikatai. Miaka miwili ananiletea ngege wa kukaanga, ananishonea vifungo, na bei hataji hata siku moja. Lakini akiingia ofisini, makarani wote wanashika pua. Aibu!
Roseline ni mwalimu, binti wa Mzee Javan wa Migori, mwalimu mkuu mstaafu. Kwao kuna gramafoni. Tulionana mara moja, kwenye mkutano wa kanisa. Alinipa kitabu cha nyimbo. Yaani, alinipitishia. Inatosha.

Jumatano, 3 Agosti.
Mtu wa maana hajipeleki mwenyewe kuposa. Nimemteua Cephas, mpima pamba wetu, awe jagam, mshenga wa kunisemea. Nikamwagiza aseme mimi ni mjukuu wa Chifu Wangwe wa Lambwe. Cephas akauliza kwani baba yangu si yule mvuvi wa Remba. Nikamwambia afunge mdomo. Mtoto wa mvuvi atapewa binti wa mwalimu mkuu? Chifu alikufa zamani, hawezi kunikana.
Nikamtuma pia kwa Awino, amwambie kwa upole asilete samaki tena. Mwenyewe sikuwa na moyo wa kwenda. Cephas alikawia sana huko, akarudi midomo inang'aa mafuta. Akasema Awino hakulia. Aliuliza tu kama nimekula.

Jumamosi, 6 Agosti. Migori.
Ole wangu! Suti ya kuazima, viatu vya kuazima, vinabana. Cephas akanimwagia sifa barabara. Alipomtaja Chifu Wangwe, Mzee Javan akainuka kitini. Nikajua nimeshinda. Akanikumbatia, machozi yanamtoka, akasema Chifu Wangwe na babu yake walikuwa ndugu wa tumbo moja, ila babu yake alihama Lambwe akaja huku. Akaniita nyathiwa, mtoto wetu. Akamwita Roseline aje amsalimu kaka yake.
Kaka! Ukoo mmoja, damu moja. Kuoana ni mwiko, hata kuwaza ni mwiko. Akina mama wakapiga vigelegele. Roseline akanipa mkono, akaniita kaka Elkanah.
Halafu Mzee akacheka. Akasema mchungaji alikuwa amemdokezea kwamba mposaji ni karani, mtoto wa mvuvi wa Remba. Huyo, akasema, angempokea bila maneno mengi, maana watu wa Remba ni watu wa kazi.
Ningesema palepale! Sentensi moja tu! Lakini suti ilikuwa imenivaa. Nikasema ahsante, baba.

Jumamosi, 20 Agosti. Ogwedhi.
Karani wa Remba hakutokea, basi Roseline amemkubali mposaji mwingine. Anaitwa Maroa, mfanyabiashara wa ng'ombe wa hapa Ogwedhi. Hana tai. Anavaa akala za tairi! Roseline, mwenye Kiingereza chake chote, anamtazama mpaka anasahau chai.
Mimi, kama kaka wa bibi harusi, nimetumwa kupokea ng'ombe wa mahari na kuwaswaga mpaka Migori. Kwa miguu. Hatujatoka hata sokoni, fahali amenikanyaga kidole. Maroa akanivua kiatu, akanifunga kwa leso yake, akaniita shemeji. Mtu mzuri, hata kumchukia nimeshindwa! Namwaza Awino. Angenicheka kwanza, kisha angenichemshia maji ya chumvi. Nilikuwa naye, nikamwona mdogo. Mdogo ni nani sasa?

Jumatatu, 29 Agosti. Homa Bay.
Nimekwenda gatini kwa Awino. Mwenyewe, bila mshenga. Suti nimeirudisha. Njia nzima nilijifunza maneno: nimekosa, mimi ni mtoto wa Remba, nimekuzwa kwa omena, dagaa wa ziwani, nisamehe. Nimefika, sikutamka hata moja. Cephas alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, anaparua magamba.
Akasema tangu ile siku niliyomtuma amekuwa akirudi kila jioni. Kwa wazazi wa Awino alikwenda juma lililopita. Aliwaambia baba yake analima mtama na yeye anapima pamba, basi. Wamemkubali.
Awino hakunitukana. Heri angenitukana! Aliuliza hali ya kidole. Akanifungia ngege mmoja kwenye gazeti, kama zamani. Moyo ukaruka. Kisha akanitajia bei.

Ijumaa, 2 Septemba.
Kifungo cha shati kimekatika. Nimeshona mwenyewe, nimeshona na mfuko humo humo. Nililia kidogo, kwa sababu ya sindano.
Lakini! Posta ameletwa karani mpya, Phelesia. Ana miwani, Kiingereza kinamtiririka, na harufu ya samaki hana hata kidogo! Alinipa stempu leo. Alitabasamu, nadhani. Kesho namtuma Cephas akanisemee, maana kwa kusema hana mpinzani.
Mambo ya machifu nimeacha. Wana ndugu wengi mno. Safari hii mimi ni mjukuu wa askofu.